Kipunguzi cha Nguvu katika Upau wa Tiara: Uteuzi Wake na Suala la Istilahi

Kusi inapovuma kati ya Aprili na Septemba, na tena kaskazi inapoingia kuanzia Desemba hadi Machi, anga ya Diani, Watamu na Paje hutapakaa tiara kubwa za rangi. Chini ya kila tiara yumo mtu aliyesimama juu ya ubao, akikokotwa juu ya maji. Mchezo huu, ulioletwa na wageni, sasa umekuwa ajira ya vijana wa mwambao: wapo wanaofundisha, wapo wanaosaidia kurusha na kudaka tiara ufuoni, na wapo mafundi wanaoshona zilizoraruka. Hata hivyo, maelezo ya vifaa vyake aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, na mwanagenzi hukariri majina pasipo kuelewa kazi ya kinachotajwa. Katika mchezo ambao kosa la sekunde mbili laweza kumburura mtu hadi kwenye mawe, ukariri wa namna hiyo ni hatari. Makala haya yanakusudia kueleza kifaa kimoja tu, yaani kile cha kupunguzia nguvu za tiara, na namna ya kukiteua.

Ni vyema kuanza na kamba. Tiara ya kawaida ya mchezo huu ina kamba nne, kila moja ikiwa na urefu wa mita 20 hivi au zaidi. Kamba mbili za mbele hushika ukingo wa mbele wa tiara, huungana, hupenya katikati ya upau anaoushika mchezaji, na kuishia katika kitanzi kinachotiwa kwenye kulabu ya mshipi wake kiunoni. Hizi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kamba mbili za nyuma hufungwa katika ncha mbili za upau na kushika pembe za nyuma za tiara. Mchezaji anapouvuta upau kifuani, kamba za nyuma hukazika, tiara hulikabili pepo kwa pembe kubwa zaidi, na nguvu huongezeka. Anapousukuma, kamba hizo hulegea, ukingo wa nyuma huinuka, na upepo hupita pasipo kukamatwa.

Msomaji aliyewahi kupanda jahazi atatambua jambo hili mara moja. Nahodha anapopigwa na dharuba hulegeza demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga, ili tanga litapike upepo. Kamba za nyuma za tiara ni demani kwa kila hali isipokuwa jina. (Si ajabu kwamba neno hilo hilo ni jina la majira pia, lugha ya mabaharia haikutenga sana kamba na upepo unaoivuta.)

Ikiwa kuusukuma upau kunatosha kupunguza nguvu, basi kipunguzi ni cha nini? Jibu limo katika urefu wa mkono wa mwanadamu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawia na kasi yake, bali kwa mraba wa kasi hiyo. Upepo ukipanda kutoka kilomita 25 hadi 45 kwa saa, mvuto katika tiara ile ile huzidi mara tatu. Mchezaji aliyeingia majini asubuhi kwa tiara iliyomfaa atajikuta adhuhuri ameusukuma upau hadi mwisho wa mikono yake, naye hana tena nafasi ya kusukuma pale dharuba itakapotokea. Kipunguzi huifupisha ile kamba ya kati inayobeba kamba za mbele. Matokeo yake ni sawa na kuzirefusha kamba za nyuma: tiara hutulia katika nguvu ndogo zaidi huku upau ukirudi karibu na kifua, na ile nafasi ya dharura hupatikana upya.

Uwezo huu haukuwepo tangu mwanzo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara yenye mbavu za kujazwa hewa mwaka 1984, lakini tiara za miaka ya mwanzo hazikupungua nguvu sana hata mchezaji akifanya nini. Ni tiara za umbo la upinde, zilizoenea katikati ya miaka ya 2000, zilizowezesha nguvu kuondolewa karibu zote. Tangu hapo kipunguzi kimekuwa kiungo cha lazima.

Vipunguzi vilivyopo sokoni hutofautiana hasa kwa mahali na namna ya kukaza. Cha zamani zaidi ni utepe wenye bizimu, unaowekwa juu ya upau. Mchezaji huvuta utepe kupunguza, naye hubinya bizimu kuongeza. Sifa yake kuu ni usahili: hakuna kinachofichika, na jicho la kawaida huona pale utepe unapoanza kuchakaa. Ila utepe uliovutwa huacha mkia mrefu unaopigapiga katika upepo, na chumvi ikishakauka ndani yake huwa mgumu kama ngozi ya papa. Tena, kuuvuta huku tiara imejaa upepo kwahitaji nguvu nyingi, na hiyo ndiyo saa kipunguzi kinapohitajika zaidi.

Aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea mno, hutumia kamba inayopita katika kapi kisha katika kibano chenye meno. Kapi hupunguza juhudi ya kuvuta kwa takriban nusu, jinsi wavuvi wajuavyo wanapotweka tanga. Meno ya kibano hushika kamba papo hapo mkono unapoiachia. Udhaifu wake ni mchanga. Punje zikiingia kati ya meno na kamba huzitafuna zote mbili. Kamba hukonda, meno huwa butu, na siku moja kamba huteleza yenyewe mchezaji akiwa mbali na ufuo. Kwa bahati nzuri kamba hiyo hubadilishwa kwa urahisi, mradi mpya iwe na unene ule ule. Kamba nyembamba kuliko meno haitashikwa. Nene kupita kiasi haitapita.

Baadhi ya watengenezaji wamekiteremsha kipunguzi chini ya upau, karibu na mshipi. Mkono haufiki mbali, na hilo ni jambo kubwa kwa kijana au mtu mfupi. Wengine wamekipeleka kwenye ncha ya upau wenyewe: kampuni ya Duotone, kwa mfano, ina upau ambao nguvu hurekebishwa kwa gurudumu dogo na kitufe kilichoko nchani, ukizifupisha au kuzirefusha kamba za nyuma badala ya za mbele. Ubunifu huu unavutia kwa kuwa mkono hauondoki kabisa katika upau. Lakini mtambo uliofungwa ndani ya upau haukarabatiki chini ya mnazi. Kwa shule ya ufuoni ambayo vifaa vyake hutumika kutwa na wanafunzi kadha wa kadha, na ambayo vipuri vyake huagizwa ng'ambo, kibano cha kawaida kingali bora kuliko mtambo wa kifahari.

Vyovyote vile, mnunuzi asikiteue kipunguzi akiwa amesimama wima dukani. Atie kitanzi katika kulabu, mshipi uwe kiunoni, mtu mwingine azivute kamba kwa nguvu, kisha anyooshe mkono. Ikiwa hawezi kukifikia na kukivuta bila kuinama mbele, hakimfai, hata kikiwa kimesifiwa namna gani. Achunguze pia kwamba kamba ya usalama, ile inayoiangusha tiara mchezaji anapofyatua kitanzi, inapita huru kipunguzi kikiwa kimelegezwa na hata kikiwa kimevutwa hadi mwisho. Katika upau uliotumika, hapa ndipo ubovu mwingi hujificha.

Kuna kosa jingine ambalo hata wazoefu hulifanya. Kamba za mbele, kwa kuwa hubeba mzigo mkubwa zaidi, hunyooka polepole kadiri miezi inavyopita, na za nyuma zikabaki fupi kwa kulinganisha. Tiara huanza kurudi nyuma na kuzama, naye mchezaji hutibu dalili kwa kuvuta kipunguzi kidogo, kisha kidogo tena. Upepo mkali ukija, anakuta amekwisha kutumia nusu ya akiba yake kusawazisha kamba. Dawa ni kuzifunga ncha zote nne katika mti mmoja, kukilegeza kipunguzi kabisa, kuuvuta upau, na kutazama kama umekaa sawa. Tofauti irekebishwe katika mafundo ya kamba. Kupunguza kupita kiasi nako kuna adhabu yake: kamba za nyuma hulegea mno, tiara huchelewa kutii, na yaweza kukimbilia utosini na kuporomoka.

Kuhusu majina, makala haya yametumia "kipunguzi", lililoundwa kutokana na kitenzi kwa kanuni inayofahamika, na "upau", ambalo wajenzi wa nyumba za makuti walikuwa nalo. Watangazaji wa kandanda walipolihitaji jina la mwamba wa goli waliutazama huo huo ujenzi wa nyumba wakasema "mtambaa wa panya", na hakuna msikilizaji aliyepotea. Kwa kitendo cha kuusukuma upau, pendekezo ni "kulegeza demani". Walimu wa Diani na Paje wenye wazazi wavuvi hawatahitaji kufafanuliwa. Wanafunzi wa kutoka bara watafafanuliwa mara moja tu, ufuoni, kabla ya tiara kurushwa.