Kafeini na Matibabu ya Umeme

Uko ugonjwa wa huzuni unaomshika mtu hata anakataa chakula, anakaa kimya siku nyingi, au anataka kujiua. Dawa za kumeza zikishindwa, waganga wanaweza kumtibu kwa umeme. Cerletti na Bini walianza kazi hii Roma mwaka 1938. Siku zile mgonjwa hakulazwa usingizi, na wengine walivunjika mifupa. Sasa inafaa apewe kwanza dawa ya usingizi, dawa ya kulegeza mwili, na oksijeni, ndipo umeme kidogo upitishwe kichwani. Umeme wenyewe hauponyi. Kifafa kifupi unachokiamsha katika ubongo ndicho kinachosaidia.

Lakini ubongo unazoea. Matibabu yanarudiwa mara 2 au 3 kila juma, na mara nyingi yanakuwa 6 mpaka 12 yote pamoja. Kadiri yanavyoendelea, kifafa kinakuwa kigumu kuanza, tena kinakwisha upesi. Mganga anaweza kuongeza umeme, lakini mgonjwa atasahau mambo zaidi, na mashine nayo ina mpaka wake. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 waganga wengine walianza kumpa mgonjwa kafeini kwa sindano ya mshipa, dakika chache kabla ya umeme. Kafeini ndicho kile kitu cha kahawa kinachokufukuzia usingizi. Katika ubongo mna adenosini, nayo inatuliza kama mtu anayemwagia moto maji. Kafeini inakaa mahali pake, na kifafa kinaendelea zaidi. Hata hivyo, kifafa kirefu peke yake si kupona, na leo waganga wengi wanajaribu kwanza kubadili dawa ya usingizi.

Basi wewe unayemlinda mgonjwa unaweza kufikiri, "Nitampa kahawa asubuhi, isaidie." Usifanye hivyo! Akilala kwa dawa ya usingizi, vilivyo tumboni vinaweza kupanda na kuingia katika mapafu, naye anaweza kufa. Na sindano ile inapimwa kwa uangalifu, moyo ukichunguzwa, kwa maana kafeini inaupiga mbio.

Tena, mgonjwa wako ana pumu? Anameza teofilini? Dawa hiyo ni ndugu wa kafeini, na kwa sababu yake kifafa kinaweza kukataa kukoma. Mganga hawezi kulijua jambo hili kwa kumtazama uso. Lete chupa zote za dawa zilizo nyumbani, umwonyeshe kabla ya siku ya kwanza.