Lugha Mbili Hazimlemei Mtoto



Katika mikutano ya wazazi swali hili halikosi: mtoto akifundishwa lugha mbili kwa pamoja, si atachanganyikiwa? Si afadhali aishike moja kwanza? Basi mjue swali hili si letu peke yetu. Huko Marekani wazazi wamevutana juu ya Kihispania kwa miaka mingi. Hebu tuone walivyofanya.

Mambo yalianzaje?

Baada ya mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959, familia nyingi zilikimbilia mji wa Miami. Watoto wao walijua Kihispania tu. Siku zile, mtoto wa namna hiyo aliingizwa darasani akakuta Kiingereza kitupu, na katika shule nyingine za Marekani aliadhibiwa akisema lugha ya mama yake. Wengi wetu tunaelewa, maana tunakikumbuka kile kibao cha kuvishwa shingoni ukisema lugha ya nyumbani.

Mwaka 1963 shule ya msingi ya Coral Way, hapo Miami, ilijaribu njia nyingine. Watoto wa Kikuba na watoto wa Kiingereza waliwekwa shule moja. Nusu ya siku mtoto alifundishwa kwa lugha ya kwao. Nusu iliyobaki, mwalimu mwingine aliyakazia yale yale kwa lugha ya pili. Wakati wa muziki na michezo wote walichanganyika. Walimu wa pande mbili walikaa pamoja kupanga masomo, kwa sababu bila hivyo kila mmoja angevuta upande wake.

Je, watoto walipotea? La. Walipopimwa, hawakuwa nyuma kwa Kiingereza kuliko wenzao, na Kihispania wakawa nacho pia. Sababu yake ni rahisi. Mtoto akishaelewa kujumlisha kwa lugha yake, haanzi upya kwa lugha ya pili. Ujuzi anao tayari, anatafuta maneno tu.

Hatua kwa hatua

Mafundisho mazuri ya Kihispania hufuata umri wa mtoto:

1. Chekechea: Hakuna kuandika. Ni nyimbo, michezo na amri fupi. Mwalimu anasema "kaa", "simama", "gusa pua" kwa Kihispania, huku yeye mwenyewe akifanya. Mtoto anaweza kukaa miezi bila kusema neno. Msimlazimishe, anasikiliza.

2. Madarasa ya chini: Sasa anasoma. Kihispania husomeka karibu kama kilivyoandikwa, na irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, kama zetu. Maneno mengine sisi tungeyatambua mara moja: meza ni mesa, bendera ni bandera. Yetu yalitoka kwa Wareno, ambao lugha yao ni ndugu ya Kihispania.

3. Madarasa ya juu, miaka 11 hadi 14: Hapa ndipo sarufi inaingia. Kwa mfano, Kihispania kina namna mbili za "kuwa". "Mimi ni mwalimu" ni soy, lakini "niko nyumbani" ni estoy. Kiingereza hutumia neno moja tu, ndiyo maana mtoto wa Kiingereza hutatizika. Umri huu pia mtoto apewe kazi ya kweli: kuandika barua, au kumhoji mzee wa mtaa.

Jambo la kukumbuka ni muda. Nusu saa kwa juma humpa mtoto salamu na rangi tu. Lugha inataka kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu wazima wakigombana

Mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha sheria ya kubana mafundisho ya lugha mbili. Mwaka 2016 walipiga kura tena wakaiondoa sehemu yake kubwa. Kati ya hapo ni miaka 18. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1998 alikuwa mtu mzima tayari, na kura ya pili haikumrudisha darasani. Wako vijana wa jamii hizo ambao leo hawawezi kuzungumza na nyanya zao bila mkalimani. Hiyo ndiyo hasara, na hailipwi kwa cheti.

Maswali ya kujadili kikundini

- Watoto wetu wanaongea lugha gani nyumbani, na nani anawasimulia hadithi kwa lugha hiyo?
- Mtoto akianza shule, anaelewa anachofundishwa au anakariri tu?
- Ni wazee gani tunaoweza kuwaomba waende chekechea mara moja kwa juma?

Jadilini, andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, na mwalimu mkuu mumwalike mkutano ujao.