Tijara ya Gundam na Wenye Milki Yake

Jioni ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili, 1979, saa kumi na moja na nusu, kituo cha televisheni cha Nagoya, nchini Japani, kilianza kuonyesha hadithi ya katuni iliyoitwa Mobile Suit Gundam, habari za kijana wa miaka 15, Amuro Ray, ambaye vita vilipoufikia mji wao ulioundwa angani alipanda ndani ya roboti ya kivita yenye urefu wa mita 18, akaiendesha kabla hajafundishwa na mtu. Fedha za kuitengeneza hadithi hiyo zilitolewa hasa na Clover, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto. Na ilipofika Januari ya mwaka wa pili, ilikatishwa katika sehemu ya 43, ilhali zilikusudiwa sehemu 52, kwa kuwa watazamaji walikuwa wachache na midoli ilikuwa imelala madukani. Leo jina la Gundam huiingizia kampuni ya Bandai Namco zaidi ya yeni bilioni 100 kwa mwaka, na Clover ilifilisika tangu 1983. Katika miaka iliyo kati ya mambo hayo mawili imo takribani siri yote ya biashara ya anime, yaani katuni za Kijapani, nayo ni kwamba picha yenyewe aghalabu siyo bidhaa, na kwamba faida humwendea yule aliyeshika milki ya hadithi akawa na subira nayo, hata kama hakuchora mstari mmoja.

Ada hii ina asili ya zamani kidogo. Mchoraji Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Astro Boy, hadithi ya roboti mtoto, tarehe 1 Januari, 1963, aliiuza kila sehemu kwa televisheni kwa bei iliyokuwa chini ya gharama yake, akitumaini kuifidia hasara kwa mrabaha wa bidhaa zitakazobeba sura ya shujaa wake. Na tumaini lake halikuwa bure, maana kampuni ya Meiji, iliyoidhamini hadithi, iliwatunuku wanunuzi wa chokoleti zake picha za kubandika za roboti yule mtoto, na watoto wa Japani wakazigombania. Tangu hapo ikawa kawaida picha kuuzwa kwa hasara na faida kutafutwa nje ya picha. Kisha Desemba 1972 ikaja Mazinger Z ya mtunzi Go Nagai, ambamo kijana hakuiamrisha roboti kwa mbali, kama ilivyokuwa katika hadithi zilizotangulia, bali aliingia mwenyewe kichwani mwake akawa rubani. Na mwaka 1974 kampuni ya Popy, tanzu ya Bandai, ilipotoa mdoli wa Mazinger wa madini mazito, wenye ngumi inayofyatuka, ilidhihirika kwamba nusu saa ya hadithi ni tangazo la nusu saa. Mwenye kiwanda cha midoli akawa tajiri wa hadithi, na mtunzi akawa mfano wa nahodha wa chombo cha kukodiwa, anayeijua njia kuliko wote lakini bandari ya kufikia huchaguliwa na mwenye shehena.

Hali hiyo ndiyo aliyoikuta Yoshiyuki Tomino, mwongozaji wa Gundam, pamoja na wenziwe wa studio ya Nippon Sunrise, Yoshikazu Yasuhiko aliyewachora watu na Kunio Okawara aliyeichora mitambo. Wao walitaka hadithi ya vita vya kweli, yenye askari wanaoogopa na maadui wenye huzuni zao, na roboti yao walipenda iwe nyeupe kama chombo cha jeshi. Lakini mdhamini alitaka rangi zinazomvutia mtoto dukani, na ndiyo sababu Gundam hata leo ina nyekundu, buluu na manjano kifuani. Mauzo yalipolegea, Clover iliagiza chombo kipya kiongezwe katika hadithi, G-Fighter, kinachoweza kuunganishwa na roboti kwa namna mbalimbali, ili kuwe na kitu kipya cha kuuza. Chombo kikaongezwa, na Tomino alipozikusanya sehemu za televisheni kuwa filamu tatu za sinema, zilizotoka mwaka 1981 na 1982, alikitoa akatia kingine cha kumridhisha mwenyewe. Seti ya midoli iliyounganika na G-Fighter ilikuja kutoka vizuri mwishoni mwa 1979, lakini wakati huo uamuzi wa kuifupisha hadithi ulikuwa umekwisha kupitishwa.

Nionavyo, kosa la Clover halikuwa tamaa, maana tamaa ni sehemu ya kila tijara, bali ni kutomjua mnunuzi. Kampuni ilitengeneza midoli ya watoto wadogo, ilhali walioipenda hadithi walikuwa wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo, wavulana kwa wasichana, waliorudia kuitazama ilipoonyeshwa upya, wakaijadili katika magazeti ya mashabiki, na Februari 1981 wakakusanyika kwa maelfu mtaani Shinjuku, Tokyo, kuisubiri filamu ya kwanza. Kijana wa miaka 16 haoni fahari kushika mdoli wenye rangi za pipi. Lakini yu tayari kukesha akiunda kwa mikono yake mfano wa mtambo anaouamini.

Hapo ndipo Bandai ilipoingia. Julai 1980, miezi sita baada ya hadithi kukatwa, ilitoa mfano wa Gundam wa plastiki, wa kuunganisha, katika kipimo cha moja kwa 144, yaani mita 18 zimekuwa sentimita 12 na nusu, kwa bei ya yeni 300, fedha ambayo mwanafunzi aliweza kuipata mfukoni mwake bila kumwomba mzazi. Bei hiyo ndogo ilikuwa na hekima ndani yake, kwa sababu katika hadithi hii adui hana dude moja la ajabu kila wiki, kama ilivyokuwa desturi, bali ana jeshi lenye silaha za namna moja. Na anayetaka kuupanga uwanja wa vita juu ya meza yake hanunui Zaku moja, roboti ya jeshi hilo, hununua tano. Fauka ya hayo, Zaku ya kijani ya askari wa kawaida na Zaku nyekundu ya Char Aznable, hasimu mkubwa wa Amuro, zilikaribiana umbo, basi sehemu kubwa ya kazi ya kalibu ilitumika mara mbili. Mitambo ya hadithini ilipokwisha, Bandai ilianza mwaka 1983 kuuza mifano ya mitambo ambayo haikupata kuonekana katika televisheni, iliyobuniwa kwa ajili ya boksi tu, na ilinunuliwa. Mwezi Januari 1982, katika duka kubwa moja la mkoa wa Chiba, watoto waliokimbilia mifano hiyo walianguka katika ngazi za umeme na baadhi yao wakajeruhiwa. Ndipo Japani nzima ilipojua ukubwa wa shauku iliyoamshwa.

Mifano hiyo hufanyiwa kazi katika mkoa wa Shizuoka, na si kwa sadfa. Mkoa huo una jadi ya useremala ambayo husemwa ilianzia kwa mafundi waliokusanywa kujenga mahekalu na ngome katika zama za watawala wa Tokugawa. Tamiya, mashuhuri duniani kwa mifano ya magari na vifaru, ilianza mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao, ikauza vyombo vya baharini vya mti hadi plastiki ilipoyafunika masoko. Na Hasegawa, Aoshima na Fujimi zimo mkoani humo humo. Bandai yenyewe iliingia kwa kununua kiwanda na kalibu za kampuni ya Imai, iliyofilisika mwaka 1969. Kiwanda chake kikuu, kilichofunguliwa mwaka 2006, ambamo wafanyakazi huvaa sare zilizoshonwa kwa kufuata sare za jeshi la hadithini, hufanya jambo ambalo mafundi wa nchi nyingine hulistaajabia: plastiki iliyoyeyuka, ya rangi hadi nne mbalimbali, husukumwa kwa nguvu katika kalibu moja ya chuma, ikatoka fremu moja yenye vipande vyekundu, vyeupe, vya buluu na vya manjano, kila kimoja mahali pake. Mwaka 1980 mnunuzi alihitaji gundi, rangi na brashi, na mkono usiotetema. Leo hukata vipande kwa koleo ndogo, huvibana vikashikana vyenyewe, na ndani ya saa chache Gundam imesimama mezani. Gharama kubwa iko katika kuichonga kalibu, kazi inayohitaji usahihi wa sehemu ndogo mno za milimita. Lakini kalibu ikisha kulipiwa hudumu miaka, na kila boksi litokalo baadaye ni plastiki ya bei ndogo iliyobeba hadithi ya bei kubwa. Mifano zaidi ya milioni 700 imetoka hivyo tangu boksi lile la yeni 300.

Bandai haikuridhika na kutengeneza tu. Muundaji anayelipa mrabaha kwa mwenye milki hukaa daima katika wasiwasi wa kunyang'anywa leseni, hivyo mwaka 1994 iliinunua studio ya Sunrise; mwaka 2005 iliungana na Namco, wenye michezo ya kompyuta; na baada ya kutangaza mwaka 2019 kuwa inataka hisa zote za Sotsu, wakala wa matangazo aliyekuwa mshirika katika hakimiliki za Gundam tangu awali, iliukamilisha ununuzi huo. Sasa hadithi, kalibu, mchezo na leseni vimo chini ya paa moja, na kila kimoja hukitangaza kingine. Roboti ya kimo kamili iliyosimamishwa Odaiba, Tokyo, mwaka 2009, na ile ya Yokohama iliyokuwa ikipiga hatua na kukunja vidole kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024, ni kazi za ufundi, lakini pia ni vibao vya duka.

Mfano wa kinyume ni Neon Genesis Evangelion ya Hideaki Anno, iliyoonyeshwa tangu Oktoba 1995 hadi Machi 1996, ambamo rubani, Shinji Ikari wa miaka 14, hupanda mtambo wake kwa hofu na manung'uniko. Kufuatia mafanikio yake ulienea sana utaratibu wa kamati: kampuni za muziki, televisheni, vitabu na midoli huchanga mtaji, hugawana hatari, na kila moja huchukua haki kwa kadiri ya fungu lake. Utaratibu huo umeziokoa kampuni nyingi na maafa yaliyoipata Clover. Lakini studio isiyo na mtaji wa kuchanga hupokea ujira wa kazi tu, na hadithi ikitajirisha ulimwengu mzima, haina hisa. Anno alijifunza somo hilo. Mwaka 2006 alianzisha kampuni yake, Khara, akaitoa Evangelion upya katika sinema kwa mtaji wa kampuni hiyo, na filamu ya mwisho, ya mwaka 2021, ilipita yeni bilioni 10 katika majumba ya sinema ya Japani. Gainax, studio aliyoiacha, ilishtakiwa na Khara kwa mrabaha usiolipwa, ikashindwa mahakamani mwaka 2017, na mwaka 2024 ikafilisika.

Ng'ambo, roboti hizi zilitangulia wauzaji wake. Grendizer, ya Go Nagai vilevile, ilipoonyeshwa Ufaransa kwa jina la Goldorak mwaka 1978 ilizua shauku isiyopata kuonekana. Na ilipotiwa sauti za Kiarabu mjini Beirut, ikaenea hadi Ghuba, ilikuwa ndiyo katuni ya utotoni ya kizazi kizima. Huko Ufilipino, Voltes V ilipendwa hata serikali ya Rais Marcos ikaipiga marufuku mwaka 1979, kabla watoto hawajaona mwisho wake. Mapenzi hayo yalikaa miongo mingi bila kuvunwa. Lakini mwaka 2024 kampuni ya Saudi Arabia, Manga Productions, ilishiriki kuitoa Grendizer upya, kwa mtaji wa watu waliokuwa watoto wakati ule. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji wa anime wa Japani, soko la mwaka 2023 lilizidi yeni trilioni 3.3, na zaidi ya nusu yake ilitoka nje ya nchi.

Katika utajiri huo wote, fungu la anayechora ni haba kiasi cha kuhuzunisha, nami siwezi kuyapita haya kwa haraka kama wapitavyo wengi wanaoisifu biashara hii. Chama cha wachoraji wa anime kilichapisha mwaka 2015 uchunguzi wake ulioonyesha kwamba wanaochora picha za kati, zile zinazoufanya mkono wa roboti uinuke badala ya kuruka kutoka chini hadi juu, walipata mwaka 2013 wastani wa yeni milioni 1.1 kwa mwaka, wakilipwa kwa mchoro, na bei iliyozoeleka ikiwa kama yeni 200, fedha isiyotosha kununua boksi la Gundam la mwaka 1980. Wengi wao si waajiriwa wa mtu. Zipo studio, kama Kyoto Animation, zinazowapa wachoraji mshahara wa mwezi na kuchapa vitabu vyao wenyewe ili milki ibaki nyumbani, lakini ni chache. Sheria ya wafanyakazi huru iliyoanza Japani tarehe 1 Novemba, 2024, inamlazimu mtoa kazi kuandika masharti na kulipa ndani ya siku 60. Haikumpa mchoraji fungu lolote katika mrabaha, na kamati zinazomiliki hadithi hazijaonyesha dalili ya kumpa kwa hiari.