Mbwa na usonji: Namna mnyama anavyotambua dhiki isiyosemwa

KATIKA vijiji vya Milima ya Upare, kuanzia Chome na Mbaga hadi Mamba Miamba, mbwa anafahamika zaidi kwa kazi ya kulinda nyumba usiku na kufukuza nyani shambani. Katika tambarare za wilaya ya Same, hufuatana na wafugaji na kubweka fisi anapolikaribia zizi.

Ni wachache wanaomfikiria mnyama huyo kuwa msaidizi wa mtoto mwenye usonji. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika nchi mbalimbali unaonyesha kuwa mbwa anaweza kutambua dhiki ya binadamu hata pale ambapo mwenyewe hana maneno ya kuieleza.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana au matokeo ya malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo.

Mtoto mwenye usonji anapozidiwa na kelele za stendi au gulio, huweza kulia kwa nguvu, kujipiga au kukimbia ovyo. Wapita njia humwona kuwa mtoto asiye na adabu. Lakini kabla ya kilio hicho, mwili huwa umekwisha kutoa dalili: pumzi huenda mbio, misuli hukaza na harufu ya jasho hubadilika.

Dalili hizo ndizo mbwa anazozisoma. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast walichukua sampuli za jasho na pumzi za watu 36, kabla na baada ya kupewa hesabu ngumu za kichwani. Mbwa 4 waliofunzwa walitambua sampuli za wakati wa msongo kwa usahihi wa karibu asilimia 94. Jaribio hilo halikuwalenga watu wenye usonji, lakini lilithibitisha kuwa msongo una harufu yake.

Aidha, mbwa hutumia macho na masikio. Utafiti uliofanyika Vienna na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mbwa hutofautisha uso wenye furaha na wenye hasira. Mwaka huohuo, wanasayansi wa Japani walieleza kuwa mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini, inayohusishwa na mapenzi ya mama na mtoto, huongezeka kwa wote wawili.

Ushahidi unaowahusu watoto wenye usonji moja kwa moja ulitoka Kanada mwaka 2010. Watafiti walipima kotisoli, homoni ya msongo, katika mate ya watoto 42. Kabla ya kupewa mbwa, homoni hiyo ilipanda kwa asilimia 58 baada ya watoto kuamka. Mbwa walipokuwapo nyumbani, ongezeko lilishuka hadi asilimia 10. Walipoondolewa kwa muda, likarudi hadi asilimia 48.

Mbwa waliofunzwa kwa kazi hiyo hulala juu ya miguu ya mtoto ili uzito wao umtulize, humgusa kwa pua anapoanza kujiumiza, na humzuia asikimbilie barabarani. Zaidi ya hayo, mbwa hamlazimishi mtoto kuzungumza wala kumtazama machoni.

Hata hivyo, si kila mbwa anafaa. Mafunzo huchukua muda mrefu na gharama yake ni kubwa. Wapo pia watoto wenye usonji wanaoumizwa na sauti ya kubweka au wasiopenda kuguswa na manyoya. Kwa familia za Kiislamu, suala la unajisi wa mate ya mbwa nalo hupaswa kuheshimiwa.

Ni vema pia kutomchanganya mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu wanaohifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2008. Mbwa mwitu huwalisha wenzao wagonjwa na watoto wa kundi, lakini ni spishi nyingine na hawafugiki. Mbwa wa nyumbani anatokana na mbwa mwitu wa aina ya kale wa Ulaya na Asia, na ameishi na binadamu kwa zaidi ya miaka 10,000. Ujuzi wake wa kumsoma binadamu unatokana na ukaribu huo.

Kwa mzazi wa Same, jambo la kwanza ni kumpeleka mtoto hospitali ya wilaya ili achunguzwe, na ikibidi apewe rufaa kwenda KCMC mjini Moshi. Mbwa hachukui nafasi ya mtaalamu, mwalimu wala mzazi.

Jambo la pili ni chanjo. Karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa husababishwa na kuumwa na mbwa, na mtoto asiyeweza kusimulia kilichompata yumo hatarini zaidi. Mbwa yeyote anayekaa karibu naye achanjwe kila mwaka, awe mpole, na mtu mzima awepo wanapokuwa pamoja. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Familia isiyo na mbwa nayo ina la kujifunza kwake: kuangalia pumzi, mikono na mwendo wa mtoto, na kumwondoa penye kelele kabla dhiki haijageuka kilio.