Mizizi Nayo Yataka Hewa

Ukipita njia ya Dumila kwenda Kilosa, au ukifika pande za Mikumi, inua macho uitazame miti mikubwa iliyosalia kando ya mito na katika mapori. Juu kwenye panda za matawi huenda ukaona kichaka cha mabua manene, ya kijani iliyochanganyika na manjano, kama miwa mifupi iliyofungwa pamoja. Hakuna mtu aliyekipanda, wala hakina udongo. Hiyo ni okidi. Wataalamu wa mimea waiita Ansellia africana, kwa jina la John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyeikuta mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, mfano wa ngozi ya chui.

Siku hizi miti hiyo yaanguka. Huyu achoma mkaa, yule afungua shamba, na okidi yaanguka pamoja na tawi lake. Watoto huiokota wakaileta nyumbani. Mama huipokea kwa furaha, huipanda katika kopo lenye udongo mweusi mzuri, akaimwagilia asubuhi na jioni. Baada ya mwezi mmoja au miwili majani yalegea. Mama adhani mmea una kiu, aongeza maji. Majuma machache tena, umekufa. Hapo husemwa kwamba maua ya porini hayakubali kukaa nyumbani. Si kweli! Mmea ule haukufa kwa kiu; umezamishwa.

Utauliza, mmea huzamaje? Wewe mkulima wa Dumila jambo hili walijua, ijapokuwa pengine hukulifikiri kwa habari ya maua. Wakumbuka mafuriko ya Januari 2014, yaliyoikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma hapo Dumila na kuzifunika nyumba na mashamba mpaka Magole. Mahindi yakisimama ndani ya maji siku kadhaa hugeuka manjano, kisha hunyauka. Ni ajabu, sivyo? Maji yamejaa miguuni pake, na huku yanyauka! Sababu ni hii: mizizi hupumua kama sisi. Katika udongo mna nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Maji yakizijaza, hewa hutoka. Mzizi uliokosa hewa hauwezi tena kunyonya hata hayo maji uliyomo. Hulegea na kufa, na vidudu vya ukungu vilivyomo udongoni huja kuumaliza. Ndiko kuoza.

Basi mpunga mbona hauozi? Kwa kuwa ndani ya bua lake mna mirija ya hewa ishukayo kutoka majani hadi mizizi. Mpunga wapumua kwa juu. Mahindi hayana mirija ya kutosha namna hiyo, na okidi ya mtini yayapita hata mahindi kwa kutaka hewa.

Utazame mzizi wake ukiwa mkavu: ni mnene, mweupe kama chokaa. Ule weupe ni koti la chembe zilizokufa, zilizo tupu ndani, kama sifongo. Mvua ikinyesha, koti hilo hujaa maji kwa dakika chache, na mzizi hugeuka kijani mbele ya macho yako, maana koti likilowa hupitisha nuru na kijani cha ndani huonekana. Mvua ikikatika, upepo hulikausha. Kulowa upesi na kukauka upesi, hayo ndiyo maisha yake huko juu mtini. Sasa mzizi wa namna hiyo ukiufukia katika udongo mzito wa mbuga, ukaulowesha kutwa mara mbili, umeufanyia nini? Ni kama kumvika mtu blanketi lililolowa usoni.

Usidhani kosa hili ni la vijijini kwetu tu. Mwanzoni mwa karne ya 19 matajiri wa Uingereza walipenda sana okidi zilizoletwa kwa meli kutoka nchi za joto. Waliziweka katika nyumba za vioo zilizofungwa kabisa, zenye joto kali na mvuke mzito, wakidhani nchi zote za joto ndivyo zilivyo. Zilikufa kwa maelfu. Katika miaka ya 1830 Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth, alipunguza joto, akafungua nafasi za hewa, akaangalia kila mmea kwao hukaaje. Zake zikastawi. Wenzake walijifunza kwa gharama kubwa. Sisi twaweza kujifunza kwa kutazama mti ulio mbele ya nyumba.

Sasa tuje kwenye chombo. Ng'ambo wengi hupanda okidi katika kuvumwani, yaani yale manyoya laini ya kijani yanayovika mawe na magogo huko juu Ukaguru na Nguru penye ukungu. Aina wanayoipenda huitwa Sphagnum, nayo hukaushwa na kuuzwa. Manyoya hayo hunyonya maji hata mara 20 ya uzito wake yakiwa makavu. Katika vita ya 1914 hadi 1918 Waingereza waliyatumia kufungia vidonda vya askari, badala ya pamba. Wema wake ndio hatari yake. Juu huonekana yamekauka, na katikati, pale mizizi ilipo, yangali chepechepe kama kitambaa cha kufulia. Mtu hutazama juu, hukosa subira, humwaga maji tena. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Ukiyapata, yaloweshe, yakamue kwa mkono mpaka yasidondoke tena, kisha uizungushie mizizi kwa wepesi kama ndege ajengavyo kiota. Usishindilie! Ukiyabana, umeitoa hewa yote, na umerudi palepale kwenye udongo wa mbuga. Tena hayadumu. Baada ya mwaka mmoja au miwili huoza na kushikana kama uji. Yakupasa kuyabadili kabla ya hapo.

Lakini kwa kusema kweli, kwa mtu wa Dumila sioni haja ya kupanda milimani kwenda kubandua manyoya ya mawe. Yale ndiyo yanayoshika maji ya ukungu kwa ajili ya vijito, na yakibanduliwa hukawia mno kurudi. Una vitu vyema zaidi karibu nawe. Chukua vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole gumba, uchanganye na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi yaloweshe kwanza siku mbili tatu, ukibadili maji kila siku, ili chumvi na ile rangi ya kahawia vitoke. Magome magumu ya mti nayo yafaa. Mchanganyiko huu hupitisha maji upesi, na hewa hubaki kati ya kipande na kipande. Ukitaka kutia kuvumwani kidogo kwa ajili ya kiangazi, ngumi moja yatosha.

Chombo kiwe kidogo. Kopo kubwa au debe hukaa na unyevu kwa muda mrefu, maana mizizi michache haiwezi kuyanywa maji yote. Mimi naisifu chupa ya maji ya plastiki, ile inayotupwa hovyo kituo cha mabasi. Ikate katikati, pasha msumari motoni, utoboe matundu mengi chini na ubavuni. Faida yake ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: chupa yaonyesha yaliyomo. Mizizi ikiwa ya kijani, ina maji, iache. Ikiwa myeupe, na ubavu wa chupa hauna jasho la maji ndani, wakati wa kumwagilia umefika.

Watu huuliza, nimwagilie mara ngapi kwa juma? Swali hilo halina jibu la kalenda. Septemba na Oktoba, jua la Dumila likiwaka na upepo ukivuma, chombo cha mkaa na makumbi huweza kukauka kwa siku mbili. Masika chombo hichohicho chaweza kukaa juma zima, au zaidi, bila kuhitaji tone. Tena yafaa ukisogeze chini ya upenu mvua isikipige mfululizo. Tumia kijiti kikavu: kichomeke katikati, ungoje kidogo, ukichomoe. Kikitoka na unyevu, subiri. Mwenye mazoea hukinyanyua tu, akajua kwa uzito.

Siku ya kumwagilia, mwagilia asubuhi, kwa wingi, mpaka maji yatiririke chini, kisha acha yaishe kabisa. Usikikalishe chombo ndani ya sahani yenye maji. Majani yawe yamekauka kabla ya usiku, na maji yasilale kwenye kitovu cha majani, hasa kwa zile okidi za dukani zenye majani mapana, zinazoletwa kutoka mjini. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko mweupe juu ya makumbi, na ukoko huo huunguza ncha za mizizi. Ukiuona, suuza chombo kwa maji mengi ya mvua. Samadi mbichi usitie kamwe.

Tena ukumbuke kwamba okidi hii ya chui ina majira ya kupumzika. Mabua yake yakiisha kukomaa na majani kuanza kupukutika wakati wa ukavu, si ugonjwa. Mpe maji kidogo tu, yatoshe mabua yasisinyae, mpaka uone chipukizi jipya.

Je, ukikuta imelegea? Hapa shika neno moja: kiu na kuoza hufanana majani. Usiongeze maji kabla ya kuitazama mizizi. Itoe chomboni. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza. Uliooza ni wa kahawia, laini, na ukiuvuta koti lake hutoka kama ala ya kisu na kubaki uzi mwembamba. Chukua wembe, upitishe motoni, ukate yote iliyooza mpaka ufike penye uzima. Waweza kupaka mdalasini wa unga penye vidonda, lakini usiumwagie mizizi mizima, maana huikausha. Iache kivulini siku moja au mbili, kisha ipande upya katika mkaa na makumbi mapya. Yale ya zamani yatupe mbali. Mmea wenye mizizi mitatu mizima bado una matumaini.

Haya si mambo ya urembo tu. Vanila nayo ni okidi. Mkulima wa Kagera aipandaye hungoja kama miaka mitatu kabla ya kuona ua la kwanza, na mizizi yake hutambaa juu juu katika matandazo ya majani yaliyooza. Maji yakituama hapo, ukungu uitwao Fusarium huingia mizizini, na kazi ya miaka yote hunyauka mtini. Yeye hachimbi shimo lenye kina, huinua tuta na kufungua mfereji.

Na neno la tahadhari. Okidi ninayoisema ni ile iliyoanguka pamoja na mti katika shamba lako. Usipande mti kuing'oa iliyo hai, wala usichukue hata jani katika Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964; na kuzivusha okidi mpakani bila kibali kwakatazwa na mkataba wa CITES. Zile za ardhini za Kitulo, zenye viazi vinavyochimbwa na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, ni za namna nyingine kabisa, na hazikai katika chupa.

Ukiniuliza mimi, chupa ni hospitali tu. Nyumba yake ni mti. Mmea ukiisha kupata nguvu, chagua tawi la mwembe au mti mwingine wenye gome gumu lenye mikwaruzo, mahali panapopata jua la asubuhi. Mpera haufai, magome yake hubanduka. Ufunge kwa kamba ya katani, ambayo kwetu Kilosa si kitu cha kutafuta. Utaona mizizi mingine ikisimama wima kuelekea juu kama sindano. Usiikate wala kuifunika, hiyo ndiyo kapu lake la kudakia majani makavu yaangukayo, ambayo yakioza huwa chakula chake. Kiangazi cha kwanza unyunyizie asubuhi. Mizizi ikiisha kushika gome, hutahitaji kuifungua kamba. Katani huoza yenyewe.