Mafuta ya Chini ya Ngozi Yanapopata Jeraha Dogo

Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya binadamu ni tishu hai, yenye mishipa ya damu, neva na chembe za kinga zinazoishi humo muda wote. Kila seli ya mafuta hubeba tone moja kubwa linalojaza karibu nafasi yote, na iliyoshiba hufikia kipenyo cha takribani milimita 0.1. Utando wake ni mwembamba mno, kwa hiyo pigo lisilochana ngozi linaweza kupasua seli nyingi pasipo kuonekana kitu kwa nje.

Mji Mkongwe wa Zanzibar hauna uhaba wa mapigo ya namna hiyo. Katika vichochoro vya Mkunazini au Hurumzi, usukani wa vespa ukimpiga mtu kiunoni, au paja likigonga ncha ya baraza, ngozi hubaki nzima. Chini yake mishipa midogo hupasuka, damu huvia, na seli zilizochanika humwaga vitu ambavyo kwa kawaida havitoki nje ya seli. Vitu hivyo ndivyo vinavyoamsha kinga. Seli za jirani huanza kutoa kemikali za kuita msaada, mojawapo ikiwa intaleukini-6. Mishipa hutanuka na kuvuja maji, na mahali hapo huvimba, hupata joto na kuuma.

Chembe nyeupe za kwanza, neutrofili, hufika ndani ya saa chache. Baada ya siku moja au mbili zamu huwa ya makrofeji, zinazokula mabaki. Hapo ndipo mafuta yanapotofautiana na msuli: tone lililoachwa na seli iliyokufa ni kubwa kuliko makrofeji yenyewe, haliwezi kumezwa kwa mkupuo. Makrofeji hulizunguka duara na kulila kidogokidogo, na zilizoshiba huonekana kwa hadubini zimejaa mapovu. Kazi hii huchukua muda, na ndiyo sababu kidonge kigumu huweza kubaki pajani wakati rangi ya vilio la damu imeshapotea.

Kwa kawaida makrofeji hatimaye hugeuka, zikaacha kuchochea uvimbe na kuanza kusaidia ukarabati. Mafuta mengi yakifa pamoja, mwili huyazungushia nyuzi za kovu, pengine na chokaa ndani yake. Kinundu cha aina hii kikitokea kwenye titi hufanana sana na saratani, kwa kukipapasa na hata kwenye picha, na wanawake wengi hawakumbuki kugongwa. Kinyume chake ni hatari zaidi: kinundu cha saratani kusingiziwa pigo la zamani. Kila kinundu cha titi kinastahili kupimwa.

Kuumika, ambako sasa wengi Unguja hukuita hijama, nako ni jeraha dogo la makusudi. Kikombe huvuta ngozi na mafuta juu, vishipa hupasuka, na duara jekundu hubaki kwa siku kadhaa. Mwenye afya hupona bila shida; mwenye kisukari au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ana sababu ya kumwuliza daktari kwanza. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, ambayo hutuliza maumivu, lakini kuchua kwa nguvu jeraha bichi huweza kuongeza damu inayovia ndani, hata mchuaji awe na mkono mwepesi kiasi gani.

Uvimbe katika mafuta haungojei ajali. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa, kemikali ya uvimbe, na kwamba kemikali hiyo hudhoofisha kazi ya insulini. Miaka 10 baadaye makundi mawili ya watafiti yalieleza jinsi makrofeji zinavyojikusanya katika mafuta ya wanene. Kipande cha mafuta kikichukuliwa kwa sindano kwa ajili ya utafiti, jeraha hilo dogo lenyewe huwasha jeni za uvimbe, hivyo kipande cha pili kutoka karibu na hapo huweza kumdanganya mtafiti.

Wanaojichoma insulini hupitisha sindano katika mafuta hayo kila siku. Insulini za zamani, zilizotokana na ng'ombe na nguruwe, zilichochea kinga hata mafuta yakaliwa na ngozi ikabonyea. Tatizo hilo limepungua sana tangu insulini ya binadamu ilipoingia sokoni mwaka 1982. Lililobaki ni vinundu laini vya tumboni na mapajani. Hivyo husababishwa zaidi na insulini yenyewe, inayokuza seli za mafuta, pamoja na kuchoma palepale na kurudia sindano iliyokwisha makali. Kinundu hakiumi sana, kwa hiyo mgonjwa hukipenda, ilhali dawa iliyochomwa humo huingia damuni bila mpangilio. Wauguzi wa kliniki za sukari hufundisha kuhama angalau upana wa kidole kutoka tundu la jana. Anayeacha kinundu na kuhamia sehemu nzima huweza kushukiwa na sukari ghafla, kwa kuwa dawa sasa inaingia yote, hivyo dozi huenda ikahitaji kupunguzwa kwa ushauri wa kliniki.