Bunduki ya Bei Kubwa: Je, Yastahili Gharama?

Bunduki za kuwindia hazilingani bei. Ile ya mitutu miwili, itengenezwayo kwa mkono mjini London, huweza kugharimu sawa na nyumba. Mnunuzi analipia nini? Kwanza, mafundi hurekebisha mitutu yote miwili mpaka ipige mahali pamoja. Pili, risasi ya pili hutoka mara moja. Jambo hilo huokoa maisha nyati anapomjia mtu.

Lakini fedha hazinunui shabaha. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, yenye risasi za namna waliyotumia Makaburu vitani. Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno apate kujua ubongo ulipo. Kila askari ajua kwamba mazoezi na usafi wa mtutu hushinda nakshi.

La mwisho ni matumizi. Mwaka 1902 Kapteni Robert von Beringe, Mjerumani, aliwapiga risasi gorila wawili mlimani Sabinyo, kaskazini-mashariki ya Gisenyi. Leo mlima huo umo hifadhini, na tangu 2017, upande wa Rwanda, mgeni hutozwa dola 1,500 awatazame kwa saa moja tu. Kenya nayo ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977.

Basi, mwenye nyumba ajiulize kwanza: atawinda wapi, kwa kibali gani, mara ngapi kwa mwaka? Asiye na jibu, fedha zake zina kazi bora zaidi: karo ya watoto na mabati ya paa.